Jiwe Hunywa Kwanza

Zilpah Muema hakuwa mtu wa kutishwa na mzee anayesusa chakula. Katika makao ya wazee pale Lidcombe, mjini Sydney, alikwisha kulisha waliotema, waliong'ata kijiko, na mmoja aliyekuwa akificha viazi kwenye soksi mpaka chumba kizima kikanuka kama ghala. Chakula kina hila zake, na hila Zilpah alikuwa nazo tele. Lakini mzee anayesusa maji ni kesi nyingine. Maji hayapakwi siagi.

Mzee huyo aliitwa Neville Hobday. Alizaliwa kusini mwa Uingereza, kwenye vilima vya chaki, na ujanani alikuwa mpima visima: aliteremsha utepe wenye kipande cha risasi nchani ndani ya kisima, akasikiliza kinapogonga maji, akasonga hadi kijiji kinachofuata. Kisha akapanda meli kuja Sydney, akafanya kazi ya reli, akaoa, akazika mke, na miaka yote hiyo akanywa maji ya bomba kama mtu mwingine yeyote, bila neno. Uzee ulipomchukua akili, haukuichukua yote. Ulichukua Sydney ukaiacha Uingereza. Mdomo wake ukarudi nyumbani, yeye akabaki Lidcombe.

"Haya si maji," alimwambia Zilpah asubuhi moja, akisukuma kikombe. "Hii ni mvua iliyokaa bwawani. Haijalala chini ya ardhi hata usiku mmoja."

Walimletea chai, akauliza imechemshwa kwa maji gani. Walimletea jeli, akaitazama inavyotetemeka, akasema hata yenyewe inaona aibu. Supu aliitoa kasoro hiyo hiyo. Wiki ya pili alipelekwa hospitali akatundikiwa dripu, akaing'oa sindano mara mbili, akarudi amebaki mifupa na ngozi. Daktari alisema wazi mbele ya wote: mzee huyu akirudishwa tena kule kwa kukosa maji, msimtarajie hapa.

Zilpah aliyasikia hayo akashikwa na uchungu uliomshangaza mwenyewe. Wazee wengi walikuwa wamefia mikononi mwake, akawalilia kwa kiasi, akaendelea na shifti. Lakini Zilpah alimpenda Neville. Siku ya kwanza kukutana, mzee hakumuuliza ametoka nchi gani wala kama kuna simba. Alimuuliza, "Kwenu mnachota maji kina gani?" Kisha akangoja jibu. Katika miaka yake yote ya Sydney hakuna aliyewahi kumuuliza Zilpah swali la maana namna hiyo.

Kwao ni Kitui. Kule mto ni mchanga karibu mwaka mzima, na mgeni akiuona atasema mto umekufa. Mwenyeji anajua haujafa, uko chini. Kwa hiyo Neville alipoanza kueleza habari za chaki, Zilpah, aliyekuwa akimnyoa ndevu, alibaki na wembe hewani.

"Chaki hii ya ubaoni?" aliuliza.

"Hiyo hiyo, ila ni vilima vizima," Neville alisema. "Ni vijidudu vya baharini vilivyokufa zamani sana, vikalaliana, vikawa jiwe jeupe lenye vitundu jicho lisivyoona. Mvua ikinyesha haikimbii. Jiwe linainywa. Linainywa miezi na miezi, na juu huoni hata dimbwi. Kondoo wanatembea juu ya ziwa na hawana habari. Halafu baridi ikielekea kwisha, jiwe limeshiba, unaamka asubuhi unakuta kijito kinapita bondeni mahali jana ulipopita na viatu vikavu. Kiangazi kikija kinarudi ndani."

"Na sufuria zenu?" Zilpah aliuliza. "Zinaota ukoko mweupe?"

Neville alimgeukia, povu bado shavuni. "Birika la mama yangu lilikuwa zito hata likiwa tupu," alisema. "Birika za hapa ni safi. Sijawahi kuamini nchi yenye birika safi."

Zilpah alicheka, maana sufuria za mama yake, za maji ya chumvi ya kisima, zilikuwa vivyo hivyo. Akaapa moyoni kwamba mzee huyu atakunywa, liwe liwalo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kipumbavu, na afadhali tulimalize haraka. Zilpah aliwaza: mzee anataka maji yaliyopita kwenye jiwe jeupe laini, na jiwe jeupe laini mimi najua linapouzwa. Akaenda kwenye duka la Léocadie, Mkongo wa Bukavu, mke wa Déo aliyefanya usafi pale pale makaoni. Kwenye rafu ya chini, kati ya unga wa muhogo na dagaa, yalikuwapo yale mawe ambayo wajawazito hutafuna, Wakenya wanayaita odowa na Wakongo wanayaita pemba. Zilpah aliomba mfuko mzima.

Léocadie aliutazama mfuko, akamtazama Zilpah, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mama wa Tevin, kijana mwenye ndevu anayefanya kazi Ingleburn.

"Mama Tevin," alisema taratibu, "Mungu ni mukubwa."

"Ni ya kazi," Zilpah alisema.

"Ndiyo, mama. Yote ni kazi."

Usiku ule mawe yalilowekwa kwenye jagi, asubuhi yakawa uji. Neville alichovya ncha ya kidole, akainusa, akaipangusa kwenye blanketi. "Huu ni udongo wa mfinyanzi," alisema. "Kwetu hatuunywi, tunauchoma vigae vya kuezekea." Jagi likamwagwa. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, akina mama watatu walimshika Zilpah mikono kwa zamu na kumwambia asibebe vitu vizito.

Sasa lazima uijue pwani. Makao yale yalikuwa na ua katikati, na zamani uani palikuwa na bwawa la samaki la saruji. Samaki walipokufa, kampuni ikapata wazo kwamba wazee wenye kusahau hutulia wakiona bahari, kwa hiyo ikajaza lile bwawa malori ya mchanga, ikachomeka mwavuli wa mistari, ikapaka ukuta rangi ya buluu na mashua moja, ikafunga spika inayotoa sauti ya mawimbi na ndege. Nyuma ya ukuta ule treni zilipita kwenda Parramatta. Wazee waliletwa kila alasiri, wakakaa wakitazama ukuta, na aliyeuliza mawimbi yako wapi aliambiwa maji yamekupwa.

Siku moja baada ya mvua Zilpah alimsukuma Neville mpaka uani, akaona mchanga umekuwa mweusi pembeni. Mtu wa Kitui akiona mchanga wa rangi ile mkono wake hauombi ruhusa. Alipiga magoti akaanza kuchimba. Alipofika kwenye kiwiko, mchanga ukaanza kulia maji.

"Umefika kina gani?" sauti ilisema nyuma yake.

Zilpah aligeuka. Neville alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, macho yamewaka. Kwa wiki tatu hakuwa ameinama mbele kwa ajili ya kitu chochote.

"Ngoja," Zilpah alimwambia. "Kisima hakiharakishwi."

Kwao kisima cha mchangani kina adabu zake. Maji ya kwanza ni matope, unayamwaga. Ya pili yana vumbi, unayamwaga pia. Ya tatu ukiona uso wako, ndiyo. Wazee hunywa kwanza, kisha watoto, kisha mifugo, na aliyechimba hunywa mwisho. Na kabla hujaondoka unakizungushia miiba, mbuzi wasije wakaingiza kwato. Mambo haya Zilpah alifundishwa na nyanya yake kwa maneno machache na kofi moja.

Wakangoja, yeye na mzee, spika ikinguruma mawimbi. Maji yakatulia. Neville alinyoosha mkono. Zilpah aliyatazama maji yale, ambayo ndani yake kulikuwa na miguu ya wazee wote wa wodi pamoja na njiwa, akajua hayanyweki. Alichota, akamgeuzia mzee mgongo, akayamwaga, akajaza kikombe kutoka kwenye chupa yake mwenyewe aliyotembea nayo mfukoni kila siku na kurudi nayo nyumbani imejaa, kwa kuwa mlezi mwenye wazee wengi hana wasaa wa kunywa na hana wasaa zaidi wa kwenda msalani. Maji ya bomba, ya bwawani, yale yale.

Neville alionja. Akafumba macho. Akanywa kikombe chote, akaomba kingine.

"Haya sasa," alisema, "ni maji."

Basi kikawa kisima. Kila asubuhi na kila alasiri Neville aliletwa, Zilpah akachota, akageuka, akabadilisha, mzee akanywa. Mashavu yakaanza kurudi. Aliomba utepe wa kupimia, na Déo akamfungia kijiko kizito kwenye uzi wenye mafundo. Kila asubuhi Neville aliteremsha kijiko, akasikiliza, kisha akatangaza kwa sauti ya kituo cha reli ikiwa maji yamepanda au yameshuka. Wazee wengine walianza kuja kusikia. Maji yakipanda walipiga makofi. Yakishuka walisikitika, na bibi mmoja aliyeitwa Abigail, mwalimu mstaafu wa muziki, aliwahi kulia.

Taabu ni kwamba yalikuwa yakishuka. Mvua ilikata, jua likawaka, na Neville akaanza kunywa nusu kikombe. "Kisima kinakauka," alisema. "Tupunguze kunywa." Siku iliyofuata alinywa robo.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hawakuwahi kumjua Zilpah. Kuanzia siku hiyo aliwahi kazini kabla ya wenzake, akavuta mpira wa bustani mpaka uani, akamwaga maji ya bomba mchangani, ili baadaye ayachimbe, ayachote, ayamwage, ampe mzee maji mengine ya bomba. Ukiyaeleza hivyo yanasikika kama wazimu, na mwenyewe alilijua hilo, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kisima kikapanda. Neville akarudi kikombe kizima.

Kosa lake lilikuwa miiba.

Alikuwa ameona kisima kiko wazi, hakina ulinzi, na roho yake ikakataa. Uani kulikuwa na bugenvilia kubwa. Alikata matawi yake, akakizungushia kisima boma zuri, zito, lenye kilango kidogo cha kupitisha mkono, kama alivyofundishwa. Aliporudi nyuma kulitazama alijisikia amemaliza kazi. Kabla ya chakula cha mchana Bibi Abigail alikuja na kiti chake cha magurudumu kusikiliza vipimo, tairi la kushoto likasema psss, na bibi akaanza kuzama upande mmoja polepole huku akipunga mkono kama malkia.

Shirleen alitoka ofisini. Shirleen alikuwa meneja, msichana wa Eldoret, mdogo kwa Zilpah kwa miaka ishirini. Mbele ya Wazungu alimwita Zilpah. Wakiwa wawili alimwita auntie, na ndipo ulipojua una shida.

"Auntie," alisema, akilitazama lile boma. "Hii ni nini?"

"Ni ya kuzuia mbuzi."

"Kuna mbuzi Lidcombe?"

"Mbuzi hawapigi simu kwanza," Zilpah alisema.

Shirleen alifumba macho kidogo. "Auntie, si unaniangusha. Hii ni aged care. Nitaandika nini kwa incident report? Tyre imedungwa na boma? Toa hizo miiba saa hii, na ufukie hiyo shimo."

Zilpah alitoa miiba. Alipofika kwenye shimo alisimama, koleo mkononi, akamweleza Shirleen yote: chaki, kina, kikombe, chupa ya mfukoni, mpira wa bustani. Shirleen alisikiliza mdomo wazi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mjinga, alikwenda kutazama mikokoteni ya vikombe. Vyote vilikuwa vitupu. Si vya Neville tu. Vya kila mtu. Wazee ambao siku zote walirudisha chai imejaa na ngozi juu, sasa walirudisha vikombe vikavu.

"Wote wanakunywa," Shirleen alisema kwa mshangao. "Auntie, wacha shimo."

Habari zikapanda mpaka makao makuu ya kampuni kule mjini. Kwamba kuna tawi moja Lidcombe ambalo wazee wake wanakunywa maji kama wakimbiaji. Makao makuu wakataka kujua siri. Shirleen akajibu kwa Kiingereza kirefu ambacho ndani yake hakukuwa na neno shimo. Makao makuu wakafurahi, wakaahidi kuleta keki.

Zilpah alichukua siku zake mbili za mapumziko. Akiwa nyumbani aliwaza kisima chake kinavyokauka bila mtu wa kukimwagia, na Neville anavyorudi robo kikombe. Hakupumzika. Siku ya tatu aliingia mbio hadi uani, akakuta Déo ameegemea ufagio.

"Mama Tevin, weye ulipashwa kulala," Déo alisema, akimtazama tumboni kwa adabu. "Lakini nikuambie kweli. Ile mayi iko inapanda yenyewe. C'est pas normal, si kawaida."

Zilpah aliinama. Maji yalikuwa yamepanda kuliko siku yoyote. Yalikuwa pia ya rangi ya kahawia.

Neville alikuwa ameshafika na kijiko chake. "Yamepanda vidole vinne, na hakuna mvua," alisema, amekunja uso. "Tena yananuka Milo. Katika kazi yangu yote sijakutana na mwamba wa Milo."

Zilpah alimrudisha chumbani, kisha yeye akarudi akajibanza nyuma ya mwavuli. Hakukaa sana. Bibi Abigail alikuja na kikombe chake cha chai, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaimimina yote shimoni, akaupigapiga mchanga kwa kiganja kama mtu anayelaza mtoto. Baada yake akaja mzee mmoja wa Kigiriki na kikombe cha Milo. Kisha wawili pamoja, kila mmoja akijifanya hakumwona mwenzake. Kisha mpishi na sufuria ya maji ya mchele. Mwisho akaja Déo na chupa yake.

"Déo," Zilpah alisema kutoka nyuma ya mwavuli.

Déo aliruka. "Mi namwangaka kidogo tu," alisema. "Mzee akisema imeshuka, anahuzunika. Mi sipendi kumuona vile."

Haba na haba hujaza kibaba. Zilpah hakujua acheke au alie. Watu hawa, ambao kwa miaka hakuna aliyewaomba kitu, waliopewa kila kitu mezani na kupanguswa midomo, wamepata kitu kinachowahitaji, nao wamekipa walichokuwa nacho. Walikuwa na chai. Wakatoa chai.

Lakini mlezi ni mlezi. Alivitazama vile vikombe vitupu na hesabu ikamjia mara moja. Kama chai iko shimoni, haiko tumboni.

Hakupata muda wa kusema. Saa ya chakula cha mchana Bibi Abigail aliinuka kwenye kiti chake kuomba chumvi, akayumba, akaenda chini pamoja na kitambaa cha meza. Hakuvunjika kitu, Mungu alimhurumia. Daktari alikuja akambana ngozi ya mkono, ikasimama kama hema. Akapita meza kwa meza akibana. Wote walikuwa wakavu. Chumba kizima kilikuwa kikavu isipokuwa mtu mmoja, Neville Hobday, aliyekuwa laini kama embe.

Na dakika ile ile mlango ukafunguka, ikaingia keki ya makao makuu, ya buluu, yenye umbo la tone la maji.

"Auntie," Shirleen alisema ofisini, mlango umefungwa, "nafukia hiyo kitu kesho asubuhi. Nisikilize. Siwezi chunga mtu mmoja nikauwe thelathini."

Shirleen alikuwa na haki. Kisima kikibaki, wazee watamimina. Kikifukiwa, Neville atafunga mdomo, na daktari alikwisha kusema itakavyokuwa. Zilpah alikwenda chumbani kwa mzee akakaa kitandani, jambo ambalo walezi hawaruhusiwi.

"Mzee," alisema, "kile kisima si kisima. Ni mimi nilikuwa namimina kwa mpira. Sasa wanamimina wote, chai yao yote, na wanakauka. Hata ulichokunywa wewe ni maji ya bomba, kutoka hapa." Akagonga mfuko.

Alingoja hasira. Alingoja ule mdomo ufungwe. Neville aligeukia dirisha.

"Basi wewe ndiye mvua," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Mvua haiombi msamaha. Kwetu pia hakuna aliyeona mvua anayokunywa. Ilinyesha mwaka mwingine, watu wengine wakalowa." Akakuna kidevu. "Lakini wale kule nje wanakosea. Wanafanya kijito kabla ya jiwe. Nipeleke."

Zilpah alimpeleka. Neville alitaka mawimbi yazimwe, na Déo akachomoa spika; kwa mara ya kwanza pwani ile ikawa kimya, ila treni. Wazee walikuwa wamekusanyika wakidhani ni vipimo. Bibi Abigail alikuwapo, na bandeji na kipande cha keki.

"Ninyi mnaomimina," Neville alisema kwa sauti yake ya stesheni, "mnafanya kazi nzuri, lakini mnaifanya kinyume. Jiwe hunywa kwanza. Linakunywa mpaka linashiba, na likishashiba ndipo linatoa. Jiwe kavu halitoi kijito, linapasuka. Kuanzia leo hakuna kumimina kikombe cha pili kabla ya kunywa cha kwanza. Nitakuwa nakagua."

Shirleen, aliyesimama mlangoni, aliona kitu ambacho hakikuwahi kutokea katika makao yake. Mikokoteni ya chai iliitwa. Vikombe vikainuliwa. Wazee wakanywa, kwa uzito wote, kama watu waliokabidhiwa cheo, kisha wakajipanga foleni kwa vikombe vya pili.

"Mpaka Friday," Shirleen alimnong'oneza Zilpah. "Nione. Na miiba sitaki."

Zilpah alipiga magoti kando ya kisima. Alichimba mchanga uliokuwa umeporomoka, akangoja, akamwaga ya kwanza, akamwaga ya pili. Kisha, kwa kuwa hapakuwa tena na siri, alitoa chupa mfukoni mbele ya wote, akajaza kikombe, akampa Neville.

Neville alifunga mdomo.

Ulikuwa mdomo ule ule wa wiki za mwanzo, mstari mmoja mwembamba. Zilpah alisogeza kikombe. Mzee aligeuza uso.

"Mzee, tafadhali. Umenywa siku zote hizi."

"Wewe umekunywa lini?" Neville aliuliza.

"Mimi nitakunywa baadaye. Kwetu aliyechimba hunywa mwisho."

"Na mwisho ni lini?"

Kwa kweli Zilpah hakujua. Kule Kitui mwisho ulifika, kila siku. Ng'ombe wa mwisho akiondoka, nyanya yake alimpa kibuyu, akanywa mpaka tumbo likalia. Hapa foleni haikuwa na ng'ombe wa mwisho. Baada ya Neville kulikuwa na Abigail, baada ya Abigail wodi nzima, baada ya wodi shifti ya pili kwa ajili ya ada za Tevin zamani zile, na Tevin alikwisha kuota ndevu, na yeye bado alikuwa amesimama kando ya kisima ameshika kikombe cha mtu mwingine. Chupa mfukoni, imejaa, kwenda na kurudi.

"Mvua ikikauka," Neville alisema, "hakuna chaki duniani itakayotusaidia."

Akasukuma kikombe kwake. Wazee wote walikuwa wakitazama, hata Mgiriki. Zilpah alikinywa. Macho yalimjaa machozi akiwa bado anameza, na hakuyapangusa. Neville alimtaka anywe cha pili, kwa kuwa jiwe hunywa mpaka lishibe, na ndipo yeye naye akanywa chake mpaka chini.

Mwili usiozoea maji hauna subira. Alasiri ile Zilpah alikwenda msalani, akarudi, akaenda tena, akasimama kati ya kitanda na kitanda, akaenda tena mbio mkono tumboni. Déo alikuwa akipiga deki kwenye korido. Kila alipopita alimwinulia ndoo apite, na mara ya nne akatoa simu akampigia mke wake.

Jumapili Léocadie alimngoja mlangoni mwa kanisa na soksi mbili ndogo za sufi nyeupe, amezifuma mwenyewe. Zilpah alizipokea. Alikuwa na kiu, ibada ilikuwa ndefu, na ndani ya mkoba chupa yake ilikuwa tayari tupu.